Gambuti za Kitheka

Zamu ya mwethya, kazi yetu ya kusaidiana shambani, ikifika kwangu, mimi Mama Lynn huamka na raha kama mwenye arusi. Nyumba inajaa, habari zote za Voi zinanifuata jikoni, na mitaro ya kuzuia maji shambani inachimbwa bila senti. Kikundi chetu kina sheria moja tu: usipokwenda kuchimba kwa wenzako, kwako hawaji.

Safari hii midomo yote ilikuwa juu ya Kitheka. Alilazwa na homa kali ya virusi, akapona, akarudi na mashavu. Lakini jembe hagusi.

"Amepona mdomo," Wayua alisema, watu wakaangua kicheko.

Mkewe, Kavinya, hakucheka. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Virusi vimeisha, Mama Lynn, lakini vimemwachia moyo mchovu. Daktari amekataza kazi nzito. Naye ameapa leo atachimba, kwa sababu Jumanne ni zamu yetu. Usimwambie mtu, ataniua."

Nilielewa. Shamba lao liko mteremkoni, na mvua iliyopita ilibeba udongo wote wa juu. Bila mitaro kabla ya mvua hii, hawapandi kitu. Lakini kuambiwa mimi ninyamaze! Asubuhi nzima nilikoroga muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na kuchungulia mlangoni.

Kitheka alichimba. Kila akiishiwa pumzi aliegemea jembe na kuanza kisa: mara ndovu aliyeingia kwa pasta, mara shemeji yake na deni la mbuzi. Wote walisimama kusikiliza, wakadhani anawachekesha. Mimi niliona kifua chake kinavyopanda na kushuka.

Wakati wa kula, watu walivua viatu mlangoni, maana nilikuwa nimepiga deki. Kitheka alibaki nje na gambuti zake za mpira.

"Baba Derrick, ingia! Ama soksi zina matundu?" Wayua akamtania Kitheka.

"Nitakula hapa hapa. Kuna upepo."

Makau, mwenyekiti wetu, akashika gambuti moja, Wayua akashika kiuno cha Makau, wakavuta. Haikutoka. Wakavuta tena, nyumba nzima ikishangilia. Ndipo nikaona uso wa Kitheka umelowa jasho na midomo imebadilika rangi.

"Mwacheni!" nikapiga kelele.

Kavinya alikuja na kisu, akaipasua ile gambuti kuanzia juu hadi kifundoni. Mguu ulikuwa umefura, ngozi inang'aa. Makau aliubonyeza kwa kidole, pakabaki shimo.

"Umemeza dawa ya kutoa maji mwilini?" Kavinya akauliza.

Kitheka alitazama chini. "Tangu juzi simezi, nipate kuchimba leo. Nikimeza, kila mara nakimbilia kichakani kukojoa. Mngesema nakwepa jembe."

Wayua akajifunika mdomo kwa leso.

"Bwana, si ungetuambia?" Makau akasema.

"Niwaambie nini? Kwamba moyo umechoka? Mngenionea huruma Jumanne moja. Ya pili mngenitoa."

Alisema kweli. Tunajuana.

"Jumanne tunakuja kwako," Makau akasema.

"Sitaki sadaka."

"Njooni," Kavinya akasema. "Nitachimba zamu zangu na zake. Shamba ni la watoto, si la kiburi chake."

Sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe mbele ya watu. Nilingoja Kitheka afoke. Alinyamaza tu, akihema. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Alexander, kijana wa bodaboda, alileta pikipiki. Tulimpandisha Kitheka katikati, mguu mmoja pekupeku, Makau akakaa nyuma na kumkumbatia kwa mikono miwili. Kavinya alikuwa ameshatangulia kwa pikipiki nyingine kumwahi daktari.

"Unanibana," Kitheka akalalamika.

Makau hakulegeza. Pikipiki ikashuka polepole kuelekea hospitalini.