Puto la Vumbi la Mpingo

Noela alirudi Chang'ombe Jumapili asubuhi na gunia la maputo kichwani, mgongo ukimuuma kama aliyebebeshwa ukumbi wenyewe. Kule Mbweni, kwenye harusi aliyoipamba, watu walikuwa wamecheza, wamekula, wamelia machozi ya furaha, wakaondoka zao. Mpambaji ndiye hubaki na mapambo. Wenzake huyapasua maputo kwa pini huku wakicheka; yeye huyafungua mafundo kwa kucha, moja moja, akayatoa pumzi taratibu, maana nyumbani kwao puto halifi mara moja.

Lililolegea lilivishwa mguu wa stuli isiteleze. Lililokatwa shingo lilifunika kopo la vanishi lisikauke. Vipande vyembamba vilifunga mifuko ya sukari, chumvi na dagaa, hata jirani aliyekuja kuazima chumvi alijiona kama kaalikwa harusini.

Ila kazi iliyokuwa imemnyima raha ilikuwa nyingine. Baba yake, mzee Cyprian, alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, na tangu Pasaka kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wake wa kushoto, ule wa kushikia mti. Wa kulia ulikuwa mzima, lakini mti usioshikwa hauchongeki. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema abinye kitu laini kila siku, la sivyo vidole vitakakamaa hivyohivyo.

Walipewa mpira, mzee akaurusha uvunguni. Noela akajaza puto kwa sembe. Mzee akasema hajapata kuona ugali unaosongwa bila maji. Akajaza mchele. Mzee akauliza kama siku hizi wamechoka kupika.

"Tumechoka kweli, baba," alijibu, wala hakuwa anatania.

Asubuhi hiyo hakuoga wala hakulala. Alikwenda kwenye kibanda cha uani alimochongea baba yake, akazoa vumbi jeusi la mpingo chini ya benchi lililokaa bure, akalimimina ndani ya puto kwa shingo ya chupa ya maji, akalivisha puto la pili juu ili lisitoboke. La juu lilikuwa la rangi ya dhahabu, limeandikwa "Hongera Bibi Harusi". Hakuwa na nguvu za kuchagua. Akaliweka kwenye kiganja kilicholala.

Mzee alilinusa kwa mbali. "La kinyago gani hili?"

"Kile cha mwisho. Hukukimaliza."

Mzee hakulibinya, lakini hakulitupa pia.

Ndipo akaingia jirani yao, mzee Fransis, Mngoni, mtani wa Cyprian tangu ujana wao. Mtani haombi kitu, huchukua, na anayechukuliwa hakasiriki, ndiyo mila. Fransis alishaondoka na kofia, jogoo na hata kitasa cha mlango ndani ya nyumba hii. Lakini tangu Pasaka alikuwa akija mikono mitupu na kuondoka mikono mitupu.

"Shikamoo, baba Fransis."

"Marahaba, mwanangu. Mzee wangu, unaendeleaje? Pole sana, mzee wangu."

Cyprian akageukia ukutani. Noela aliyaona mabega ya baba yake yakishuka, akamgeukia mgeni.

"Baba Fransis, samahani. Umekuja kumsalimia au kutupa pole ya msiba?"

"Mwanangu, mbona hivyo?"

"Tangu Pasaka unamwita mzee wangu. Lini ulimwitaga hivyo wewe? Mkono ndio uliougua. Mmakonde wako bado yupo."

Fransis akakuna kidevu. Macho yake yakatua kwenye puto. Akasoma maandishi taratibu, kama mtu anayesoma barua ya posa.

"Kumbe umeolewa, Mmakonde," akasema. "Na mie sijaambiwa. Basi hili nakwenda nalo, ndiyo fungu langu la mahari."

Akalishika puto, akavuta.

Halikutoka.

"Achia," Fransis akasema.

"Mwizi wa kuku wewe," Cyprian akasema, ulimi mzito. "Vuta tena."

Fransis akavuta tena. Vidole vya kushoto, vilivyokuwa vimelala kama dagaa waliokauka, vilikuwa vimekunjika juu ya puto, kidole gumba kikitetemeka. Wakavutana wazee wawili, mmoja kitandani, mwingine kasimama, hadi puto likapasuka na vumbi jeusi likamwagika juu ya shuka, juu ya suruali ya Fransis, juu ya sakafu iliyopigwa deki jana.

Cyprian akautazama mkono wake. Ulikuwa bado umefumba, umeshika kipande cha puto.

"Umeniharibia mali," akamwambia mtani. "Noela, lete lingine."

Noela akautazama ufagio, akauacha ulipo. Akakaa juu ya lile vumbi, akavuta gunia, akaanza kupekua huku macho yakijifumba yenyewe.

"Tafuta la bwana harusi, mwanangu," Fransis akasema, akijikung'uta suruali. "Hili la bibi limemshinda."