Severini Agawa Mamlaka

Severini alikuwa kwao Mishamo akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, siku umeme ulipokatika Mpanda na kurudi. Seva ya kituo cha redio alichofanyia kazi iliwaka, lakini programu ya kurusha matangazo haikuamka. Redio ikawa kimya. Generosa, fundi mwenzake, alijua kabisa cha kufanya. Alichokosa ni pasiwedi ya root, ile akaunti yenye mamlaka yote juu ya seva. Hiyo alikuwa nayo Severini peke yake.

Simu ilimkuta anamnywesha mama uji. Akaweka kikombe chini, akatafuta pikipiki, akala vumbi mpaka Mpanda. Kazi yenyewe ikawa amri ya mstari mmoja tu. Redio iliporudi hewani, alibaki ameketi pale, nguo zote nyekundu, akijiona mjinga.

"Kaka Severini, si ungenitajia tu pasiwedi?" Generosa aliuliza.

"Ukiwa na root, kosa dogo linafuta vipindi vyote. Sikukunyima kwa ubaya."

"Basi usinipe yote. Tuweke programu ya sudo. Nitaingia kwa jina langu na pasiwedi yangu, nifanye yale tu uliyoniruhusu. Na seva itaandika nani katoa amri gani."

Severini aliijua sudo. Aliiahirisha mwaka hadi mwaka, akisema kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba alipenda kupigiwa simu. Ilimpa raha kuona wenzake hawawezi bila yeye. Safari hii raha hiyo hakuiona. Alimfikiria mama na uji wake uliopoa.

"Vuta kiti," alisema.

Kusakinisha hakukuchukua muda. Kazi ilikuwa kwenye faili la kanuni, linalosema nani anaruhusiwa nini. Ukiliharibu, sudo inaweza kumfungia kila mtu nje. Severini alilifungua kwa visudo, programu inayokagua kabla ya kuhifadhi, akaandika jina la Generosa na amri moja: kuwasha upya matangazo. Alipohifadhi, visudo ikagoma, ikataja mstari wenye kosa.

"Umeruka alama ya sawasawa," Generosa alisema, akiigusa skrini kwa kidole.

Akarekebisha. Ikakubali.

"Sasa ingia kwako. Washa matangazo upya."

Generosa aliandika pasiwedi yake mwenyewe. Muziki ukakatika kidogo, ukarudi.

"Jaribu kuzima seva nzima."

Akajaribu. Seva ikamjibu kwamba hana ruhusa hiyo.

"Imenikatalia!" alipiga kelele kwa furaha, nao wakacheka mpaka Bernadetha, meneja wa kituo, akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Severini akamwomba likizo papo hapo.

Alirudi Mishamo, na safari hii akakaa. Mama alianza kusimama, kisha kukokota miguu hadi uani. Asubuhi moja simu iliita, ni Generosa, na Severini akaanza kuwaza pikipiki.

"Umeme ulikatika tena," Generosa alisema. "Nimeshawasha, tuko hewani. Nilitaka tu kujua mama anaendeleaje."

"Yuko hapa," Severini alisema. "Anataka nimpeleke shambani akaone maharage yake."

Mama akamshika bega, wakaanza kutembea.