Chumba Kilichojengwa Redioni

Zuleikha aliandika riwaya zake mbili za kwanza akiwa amesimama mbele ya friza. Meza alikuwa nayo, ila juu yake kulikuwa na mchele wa watu, maembe ya achari ya watu, na mara nyingi mtoto wa mtu amelala.

Hapo kwake Shela, Malindi, alasiri ikishaswaliwa, wanawake humiminika uani, huyu na ungo, huyu na mbuzi ya nazi, na umbea wa kulisha harusi. Zuleikha huweka kompyuta juu ya friza anamouzia barafu za ukwaju. Mtoto akija kununua, anaitia kompyuta kwapani, anafungua, anauza, anafunga, anaendelea palepale. Akifika penye ugomvi, husoma kwa sauti.

"'Sikubaliani na maneno yako,' akasema mke mkubwa."

"Hata!" hudakia Bi Raiya, jirani wa ukuta mmoja, mwenye umri wa mamake. "Mke mkubwa gani huyo, karani wa korti? Mke mkubwa husema, 'Mwenzangu, kitanda hicho unacholalia, nakijua kinakolia.'"

Watu huvunjika mbavu, na Zuleikha huandika.

Basi redio moja ya Kilifi ikamwalika kwa ajili ya kitabu cha pili. Akiwa nje anangoja zamu yake, akamsikia mgeni aliyemtangulia, profesa mmoja, akieleza kwamba hujifungia kutunga, na mkewe huvua viatu akipita mlangoni. Zuleikha akatazama vidole vyake vilivyoiva rangi ya ukwaju. Alipoingia, mtangazaji Sufyan akamuuliza, "Na wewe Bi Zuleikha, siku yako ya uandishi huwaje?"

Neno friza akalimeza.

"Nina chumba changu ghorofani, kinatazama bahari," akasema. "Naandika alfajiri, simruhusu mtu. Kelele za majirani ndizo zinazomuua mwandishi."

Wakati huo majirani wenyewe walikuwa uani kwake, wameizunguka redio, wamenunua halua, wanakanyana wasikohoe yasije yakawapita majina yao.

Aliporudi alikuta ua umefagiwa, viti vimepangwa ukutani, na halua yake imefunikwa kawa. Kesho yake alasiri hakuja mtu. Kesho kutwa pia. Nyuma ya ukuta akamsikia Bi Raiya akiwanong'oneza wajukuu, "Chezeni kule, msije mkamuua mwandishi wa watu." Akajaribu kusikia kejeli katika maneno hayo, ajifariji. Hakuisikia. Siku nyingine Sidi, mama wa Kigiriama wa nyumba ya tatu, akaacha bakuli la mchicha wa nazi mlangoni bila hodi. Zuleikha alimwona dirishani akiondoka, ndara mkononi.

Kimya akakipata, tena kingi. Alikaa nacho mezani, meza nyeupe, na wale wake wenza wa kitabu cha tatu wakaanza kuongea kama taarifa ya habari. Mchapishaji alikuwa akiingoja sura ya mwisho. Zuleikha alikuwa akiingoja hodi.

Hatimaye akajitanda kanga, akaenda kwa Bi Raiya. Kicheko alikisikia tangu njiani. Alipoingia kikakatika kama kimemwagiwa maji.

"Shikamoo, Bi Raiya."

"Marahaba. Mpeni kiti Bi Mwandishi."

Hakukaa. "Nimekuja kutaka radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu? Tungalijua mapema, tusingalikusumbua miaka yote hii."

"Kile chumba sina. Hata ghorofa sina, mnajua."

"Mie nilidhani umejenga Kibarani kwa siri," akasema Sidi. "Nikasema, watu wa vitabu hawa, huwezi kujua."

Hakuna aliyecheka.

"Dirisha langu linatazama kamba yako ya nguo, Bi Raiya. Na kitabu kimenifia mkononi. Niliona haya tu. Yule profesa aliyenitangulia ana kimya chake, mie nina friza."

Bi Raiya akaacha kukuna nazi. "Friza haisikii redio. Ulituonea haya sisi."

Zuleikha akatazama miguu yake. "Naam," akasema.

"Afadhali umesema. Lakini tusi la redioni haliombewi radhi uani." Akaielekeza redio kwa kidole chenye machicha ya nazi. Kilikuwa kipindi cha salamu, na mtangazaji ni Sufyan yuleyule. "Simu unayo."

Akapiga. Ikapokelewa mara moja, kwa bahati yake mbaya.

"Halo, mama, punguza sauti ya redio yako, inarudi huku!"

"Asiiguse mtu," akasema Bi Raiya.

Basi Zuleikha akawa anajisikia mara mbili, kwanza kinywani, kisha redioni mbele ya mji mzima. "Mimi Zuleikha, yule mwandishi. Kile chumba niliwadanganya. Naandika kwenye friza katikati ya watu, na maneno matamu ya vitabuni yametoka vinywani mwao. Salamu zimfikie Sidi. Zimfikie..." Akawataja mmoja mmoja, Bi Raiya akimbakiza mwisho, kama mtu anavyobakiza mnofu.

"Ahsante sana Bi Zuleikha, muda hauturuhusu! Mwingine hewani!"

Sidi akapiga kigelegele. Wengine wakacheka, wakapigana viganja. Bi Raiya akarudia nazi yake.

"Mimi sikusikia jina langu."

"Nilikuwekea la mwisho, wallahi!"

"La mwisho liko wapi?"

Zuleikha akapiga tena. Laini ina mtu. Redioni bwana mmoja kutoka Kikambala alikuwa akiwasalimu wakwe zake, kwa majina na vyeo, bila haraka.

"Huyu ameoa ukoo mzima," akanong'ona Sidi.

Zuleikha amesimama katikati ya ua, jasho linamtiririka, simu sikioni, macho yote kwake. Akashusha simu.

"Piga," akasema Bi Raiya, bila kuinua kichwa.