Kwaya ya Kasoli Haikungoja Zamu

Mwalimu Constantine alikuwa kiguu na njia tangu asubuhi. Mara akague sare, mara awachungulie waamuzi, mara arudi kuwauliza akina mama wa sauti ya pili kama wamekunywa maji. Jamani, watu wazima arobaini, wakulima wa pamba kutoka Kasoli, wanaulizwa habari za maji! Lakini tusimcheke. Wazee wa kanisa walishamwambia bila kumung'unya maneno: miaka saba kwaya haijaleta kikombe, na leo kwenye mashindano ya Bariadi isipokileta, kwaya inakwenda kwa Josia, kijana wa kinanda, naye Mwalimu apumzike. Apumzike! Mtu aliyewafundisha nota kwa chaki, do hadi do, wengine wakiwa hawajui hata kuandika majina yao. Bila kwaya ile angebaki na nini? Swali hilo lilimnyima raha.

"Mwalimu, tulia basi," alisema Nyanjige, kiongozi wa sauti ya pili. "Unatutia tumbo joto."

"Nimetulia, mayu," akajibu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, huku anaondoka tena.

Mwaka huu watu walifurika, kanisa likawa dogo, mashindano yakahamishiwa uwanjani. Kwaya mbili mbili zikapangwa zitazamane, watazamaji katikati. Hapo ndipo palipoharibika, na hakuna aliyeona. Maana Usukumani, ngoma zikishindana baada ya mavuno, hupangwa hivyohivyo, na hakuna cha zamu: pande zote mbili huimba kwa pamoja, na mshindi ni yule atakayewavuta watu wamwache mwenzake. Nyanjige alizaliwa kwenye ngoma hizo. Nusu ya kwaya pia.

Wa Nyashimo, kwaya iliyowekwa kutazamana na Kasoli, wakaanza zamu yao. Waliimba vizuri, tena vizuri mno. Watazamaji wakaanza kusogea upande wao, hatua moja, hatua mbili. Mwalimu Constantine, jasho likimtoka, alikuwa ameinamia karatasi zake akihesabu mapigo ya wenzake. Ghafla nyuma yake akasikia sauti ya Nyanjige ikipasua hewa, na kabla hajageuka, kwaya nzima ikawa imeitikia.

Lahaula! Ulikuwa wimbo wao uleule wa mashindano, ule aliowasihi miezi mitatu waanze polepole. Hawakuanza polepole. Waliutoa kifuani, mabega yakicheza, besi zikitikisa ardhi, na hakuna sauti hata moja iliyopotea njia. Watu wakageuka. Kundi zima likaanza kurudi upande wa Kasoli, wengine wakikimbia, akina mama wakipiga vigelegele.

Mwalimu nywele zilimsimama. Tangu aanze kazi hii hajapata kuwasikia hivyo. Furaha ikamjaa, na hofu ikamjaa papo hapo, kwa sababu mwamuzi mkuu alikuwa amesimama na kanuni mkononi. Labda akiwahi kuwazuia watasamehewa. Akainua mkono, akakunja ngumi, ishara yao ya kukata wimbo.

Wakanyamaza wote, katikati ya neno.

Hawakusamehewa. "Kasoli mmeondolewa kwa kuvuruga wenzenu," ilisema spika, na Nyashimo wakaombwa waanze upya.

Nyanjige alimjia machozi yakimlengalenga, si kwa aibu bali kwa hasira. "Mwalimu, mbona umetunyamazisha? Watu walikuwa wanakuja kwetu!"

Alitaka kumweleza kanuni. Badala yake akazikunja karatasi zake.

"Walikuwa wanakuja, mayu," alisema. "Niliwaona. Nimewakosea."

Josia alikuwa amesimama kando, hajui aangalie wapi. Mwalimu Constantine akamfuata, akamkabidhi faili la nota.

"Shika, baba. Kazi yako sasa. Ila nakuomba kitu kimoja: siku wakianza vile tena, usije ukainua mkono."