Sumeiya Asimama Bila Chama

Aidarus alikuwa mtu wa chama tangu hajaota ndevu. Kwao Kidundani, kusini ya Mombasa, alibandika mabango, alibeba vipaza sauti, alishawahi hata kulala kituo cha polisi kwa sababu ya fulana ya chama. Alipokuja Dubai kulinda maghala ya Jebel Ali, kadi ya uanachama alikuja nayo pochini. Kaka yake, Mubin, ndiye aliyekuwa katibu wa chama wa wadi nzima. Kwa hiyo siku mkewe Sumeiya aliposema anataka kugombea uwakilishi wadi, Aidarus alidhani mambo ni mepesi.

"Nitampigia Mubin leo hii," akasema.

Mubin aliahidi, akawataka wasubiri. Walisubiri. Mwishowe tikiti ikatolewa mezani, bila kura ya mwanachama hata mmoja, kwa mwanakandarasi ambaye hata nyumba wadini hakuwa nayo.

"Siasa ndivyo zilivyo, ndugu yangu," Mubin alisema kwenye simu. "Mwambie shemeji asubiri awamu ijayo."

Sumeiya alikuwa akikaanga samaki. Akazima jiko.

"Sheria inaniruhusu kusimama peke yangu. Mgombea huru. Nimeisoma."

"Bila chama? Nani atakupa magari? Nani atakulindia kura?"

"Zahanati ilifunguliwa na chama gani, Baba Shifaa?"

Jibu Aidarus alilijua. Zahanati ya Kidundani ilijengwa, ikapakwa rangi, kisha ikatiwa kufuli, na wajawazito wakawa wanaipita kwenda kujifungulia mbali. Sumeiya, akiwa huku Dubai, mtaani Deira, nyuma ya cherehani, ndiye aliyewasumbua wakubwa wa kaunti kwa simu na kuwapanga kina mama wakae pale mlangoni kwa zamu, hadi mganga akaletwa. Tangu hapo kina mama wale hawakuacha kumwambia arudi agombee.

Alikuwa akishona mabuibui dukani kwa Bi Mahfudha, mama wa Kizanzibari aliyeletwa Dubai na wazazi wake akiwa mchanga. Jioni moja Aidarus alikwenda kumchukua mkewe, Bi Mahfudha akamzuia mlangoni.

"Hivyo kwenu mtu huweza kusimama mwenyewe, hana chama?"

"Sheria yaruhusu, Bi."

"Kule kwetu hairuhusu. Sharti upitie chama. Nyie mmefunguliwa mlango, halafu wewe mume ndiye wataka kuurudisha?" Akainua kidole. "Lakini dukani kwangu sitaki mikutano wala michango. Nchi hii haina mchezo na siasa za watu wa nje. Apige simu kwao kama mtu yeyote apigavyo kwao. Khalas."

Njiani Sumeiya alimweleza mumewe masharti. Mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Apate wapiga kura mia tano wa wadi hiyo wa kumuunga mkono, nao pia wasiwe na chama. Na alama yake isifanane na ya chama chochote.

"Hilo la kwanza halinihusu," alisema, "mimi sijajiunga na chama maishani mwangu."

Hata hivyo alitazama kwenye simu, kwenye mtandao wa msajili wa vyama, kwa kuhakikisha tu. Jina lake lilikuwamo. Nambari ya kitambulisho ni yake, na chama ni kile kile cha Aidarus.

Aidarus alimpigia kaka yake palepale. Mubin akacheka.

"Nilimwandikisha mimi. Niliandikisha ukoo mzima na majirani. Nambari zao nilikuwa nazo tangu ule usajili wa basari, zile fedha za karo ya shule. Wakubwa walitaka wanachama wengi, kuna ubaya gani?"

"Hukumuuliza."

"Ni mke wako, na chama ni chako. Nimuulize nini?"

Sumeiya aliandika barua ya kujiuzulu siku hiyo hiyo, kwa chama na kwa msajili, maana muda ulikuwa bado upo. Kisha akamuaga Bi Mahfudha. Kwenye uwanja wa ndege Aidarus alimbebea masanduku, lakini moyo wake ulikuwa nusu nusu, na mkewe aliuona.

"Sikuombi uniunge mkono," akamwambia. "Nakuomba usinizuie tu."

Wiki zikapita. Siku moja mchana, Aidarus akiwa getini, malori yamepanga foleni ya kuingia, Sumeiya alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Nilichagua alama ya taa, ikakataliwa, kuna chama chenye taa. Nimechukua cherehani, wamekubali. Lakini watu, Baba Shifaa! Niliwapata wa kutosha na kupita. Walipolinganishwa na orodha za vyama, wengi wakakatwa. Wameandikishwa bila kujua, na wengi ni wa ukoo wako. Ninawaambia wajiuzulu kisha watie saini upya, wanaogopa. Mubin amewaambia anayejiuzulu atanyimwa basari."

"Na mama?"

"Mama naye kakatwa. Alilia sana."

Mama yake Aidarus alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima uzeeni, akiwa na miwani ya kuazima, ili ajifunze kuandika jina lake. Miaka yote alikuwa akibonyeza kidole gumba. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kulitia jina lile kwenye jambo alilolichagua mwenyewe, na limekatwa kwa sababu mwanawe Mubin alishamchagulia chama.

Wakati wa chakula hakula. Aliketi kwenye kibanda cha walinzi akaandika barua yake ya kujiuzulu. Aliiandika polepole, maana chama kile kilikuwa ujana wake wote. Alipomaliza kuituma, akarekodi sauti kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

"Jamani, ni mimi Aidarus. Mnanijua, nimekipigania chama hiki kuliko wengi wenu. Leo nimetoka. Kujiuzulu si kosa, na mtoto hanyimwi basari kwa sababu mzazi wake hana chama. Anayewaambia hivyo anawatisha, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja. Tazameni majina yenu. Anayekitaka chama abaki, lakini abaki kwa kupenda kwake. Asiyekitaka atoke kwanza, kisha akipenda amtilie Sumeiya saini. Asipopenda, basi. Mama, nisamehe, nilikuwa nimenyamaza."

Haukupita muda Mubin akapiga.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Aidarus!"

"Ulimuuliza mama kabla ya kumwandikisha?"

Mubin akasema, sauti imeshuka, "Mama hanisemeshi. Nikiingia uani, yeye huingia ndani."

"Basi kaa naye, umtoe chamani kwa mkono wako."

Sumeiya alisimulia baadaye kwamba kesho yake Mubin aliketi barazani na simu yake, akamsaidia mama kujitoa chamani, na majirani walipomwona wakaja mmoja mmoja na vitambulisho vyao, naye akashindwa kuwafukuza. Yeye mwenyewe alibaki chamani. Hakumtilia shemeji yake saini, wala hakuwatisha watu tena, na saini zilizopungua zikapatikana.

Siku ya kupeleka makaratasi, Aidarus alikuwa na mapumziko ya kazi, akapanda metro hadi Deira, akaketi dukani kwa Bi Mahfudha. Chai ilipoa vikombeni. Simu ilipolia, aliiweka sauti ya juu.

"Wamenipitisha!" Nyuma ya Sumeiya kulikuwa na makelele ya kina mama. "Jina langu litakuwa kwenye karatasi ya kura!"

Bi Mahfudha akapiga kigelegele, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kesho yake Aidarus alimwendea msimamizi wake, Thamer, kuomba likizo ya mwezi wa nane.

"Kuna harusi kwenu?" Thamer aliuliza.

"Uchaguzi, sir. Mke wangu anagombea."

Thamer alimtazama. "Atashinda?"

"Sijui, sir. Mwenzake ana magari na fedha, yeye ana miguu yake na kina mama." Aidarus akatabasamu mwenyewe. "Lakini wapiga kura wataliona jina lake kwenye karatasi, na mimi nataka niwe kwenye foleni ya kura."

"Yalla, nenda," Thamer akasema, akatia saini.