Majina ya Kati

Graeme Pascoe alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kazi aliyoijua ni moja tu: kuulea mfumo wa kompyuta wa kulipia leseni, uliotunza kumbukumbu za wateja wa maji hapa mjini Burnie. Leseni ilipopanda bei tena, bosi wetu Craig akatangaza mashindano. Mfumo wa Graeme upande huu, mfumo wa bure alioujenga mwenzetu Tamsin upande ule. Atakayeshindwa afungashe virago, na Burnie hii hakuna kazi nyingine ya namna hiyo.

Mimi ndiye niliyepewa kuwapima. Kwa kasi walikuwa sare. Shida ilikuwa kwenye majina. Ule wa kulipia, ukiunganisha jina la kwanza, la kati na la ukoo, asiye na jina la kati unampitisha tu. Ule wa bure, kipande kimoja kikikosekana, unafuta jina zima. Tamsin hakulijua hilo. Wateja elfu tisa walikuwa wametoka bila majina kwenye orodha yake, naye wala hakuwa ameikagua.

Graeme aliliona siku moja kabla ya mashindano. Angenyamaza tu, basi, ushindi ulikuwa wake. Badala yake, mjinga yule, akavuta kiti mpaka mezani kwa Tamsin.

"Binti, hapa utaumbuka. Uambie mfumo, pasipo na jina uruke, uendelee."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Si wateja wetu sote hao?"

Tamsin akarekebisha mstari mmoja, wote elfu tisa wakatokea.

Kesho yake, kwenye chai ya saa nne, Craig akauliza kama kulikuwa na hitilafu yoyote.

"Moja," Tamsin akasema, akijipangusa nazi ya keki mdomoni. "Mzee Graeme kaandika maagizo yake ya kuunganisha majina kizembe miaka yote, mfumo wake unamfichia. Wangu umeyakataa. Ikabidi nimsafishie."

"Kumbe mzee ulikuwa unabebwa!" Craig akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Graeme akanitazama. Jana yake nilikuwa meza ya pili, nilisikia kila neno.

"Haya, mpimaji, unasemaje?" Craig akauliza.

"Ni kama alivyosema Tamsin," nikajibu.

Walimpa Graeme wiki mbili za kumfundisha Tamsin yaliyobaki, kisha aondoke. Alikuja kila siku, shati limepigwa pasi, akafundisha yote, hakuficha hata moja. Namchukia kwa hilo mpaka leo.