Mkono wa Bibi Wino

Jirani wa ukuta wa pili aliwahi kuapa kwamba nyumba ya fundi cherehani ina wachawi, na kusema kweli hakukosea sana. Kila Jumamosi mchana cherehani ilisukumwa pembeni, meza ikapanguswa vinyuzi, na watu wanne wazima na akili zao wakaketi kucheza mchezo wa kubuni. Fundi ndiye aliyekuwa msimulizi, wa kuwaambia wenzake wamefika pango gani na nani anawasubiri ndani. Mfamasia wa mtaani alikuwa mwizi. Shemeji yake fundi, jitu zima linaloogopa mende, alikuwa shujaa aitwaye Kifaru. Mchawi alikuwa mke wa fundi, na mezani aliitwa Bibi Wino.

Jina lilimfaa. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka kwa brashi, na herufi zake zilinyooka hata mumewe akawa anamtania kwamba atazitumia kukatia suruali. Kitabu chake cha matabano, yale maneno ya uchawi aliyoyakusanya mchezoni, alikiandika vivyo hivyo. Sheria za kitabu aliziweka yeye, siku mdogo wake, yule Kifaru, alipoleta matabano aliyoyatoa kopi dukani.

"Hapana bwana," alisema. "Mchawi analijua tabano aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe. Ukiandikiwa na mtu, hulisomi ng'o. Na likishanakiliwa kitabuni, karatasi lilikotoka inachomwa moto. Hakuna kurudia."

Walimcheka, wakakubali, na tangu hapo hakuna aliyezivunja. Kiberiti kilikaa mezani pamoja na kete.

Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia.

Ulimi ulirudi. Mguu nao ukarudi, wa kuburuza. Mkono ukakataa katakata, na brashi zikakauka ndani ya kopo lake. Jambo aliloomba lilikuwa moja tu, arudi mezani, na Jumamosi ya kwanza aliporudi walikwama mchezoni, ndani ya mnara unaojaa maji. Humo Bibi Wino akaokota karatasi yenye tabano la kupasua mawe. Fundi alikuwa ameiandika makusudi, mistari michache, ili mkewe apate kitu cha kupigania.

"Nitalinakili kwa kushoto," mkewe alisema. "Nipeni wiki."

Wiki ile fundi alishona jicho moja likiwa mezani. Mkewe alifanya mazoezi kwenye vipande vya karatasi za kukatia mitindo. Kalamu ikisukuma, karatasi inateleza nayo, na mkono wa kulia umelala pembeni kama mzigo ulioachwa na mpita njia. Karatasi ikichanika, anachukua nyingine. Ikianguka, anainama kuiokota kwa taabu. Ijumaa alitupa kalamu, akalia bila kujificha, akaenda kulala mchana kweupe.

Fundi hakuvumilia. Na nani angevumilia? Yeye ni mtu wa kuona nguo imechanika akaishona kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Akakifungua kitabu, akalinakili tabano akiiga herufi za mkewe moja moja kama anavyoiga mshono wa mteja, kisha akaichoma ile karatasi juu ya sinki, maana sheria ni sheria. Alijipa moyo kwamba mkewe ataona, atanyamaza, atalitumia tabano, na siku itapita. Alifanya kwa mapenzi, wala hilo simnyimi.

Jumamosi maji yalikuwa yamemfika Kifaru shingoni.

"Vipi, dada?" shemeji aliuliza, akachungulia kitabu kilipofunguliwa. "Dada! Umeandika! Mkono umerudi!"

Kiti chake kilianguka. Akamkumbatia dada yake, machozi yanamtiririka, na mfamasia akapiga makofi. "Herufi zilezile!" akasema. "Zilezile kabisa!"

Mke wa fundi alimtazama mumewe. Fundi akatazama kete.

"Keti, mdogo wangu," mkewe alisema taratibu. "Si mimi niliyeandika. Mkono haujarudi."

Fundi angetoa cherehani yake bure asiuone uso wa shemeji wakati ule.

"Karatasi yenyewe iko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nimeichoma."

"Basi."

"Mke wangu, msimulizi si mimi? Nasema ipo nyingine, inaelea palepale kwenye maji..."

"Usiniokotee tena. Nilikuwa bado na jana jioni na leo asubuhi. Ningeandika vibaya, ningeandika kama kuku kachakura, lakini ningeandika mimi. Umenichomea."

Kulikuwa na dirisha juu ya mnara, na Kifaru angeweza kupanda na mtu mmoja tu mgongoni.

"Ambebe mwizi," mkewe alisema. "Bibi Wino anabaki. Haya, simulia."

Fundi akasimulia. Maji yakafika kidevuni mwa mchawi, kisha akayafikisha juu ya kichwa. Alikuwa na uchungu ambao hakujua auweke wapi.

Desturi ya meza yao ilikuwa kwamba mchezaji anaandika mwenyewe mwisho wa mtu wake. Mkewe akafungua ukurasa mtupu, akashika kalamu kwa kushoto. Kitabu kikasogea nayo.

"Nishikie hapa," alisema.

Fundi akabana ukingo wa kitabu kwa vidole viwili. Herufi zilitoka kubwa, zimepinda kama za mtoto, lakini zilikaa: Bibi Wino amekufa maji. Fundi alizikodolea macho. Wiki nzima alikuwa katika chumba hikihiki, mikono yake yote miwili mizima, na kilichotakiwa kilikuwa hiki tu.

"Hukuniomba," alisema.

"Nilikuona una kazi," mkewe alijibu, akaendelea kuandika tarehe.